Watu Waliokunywa Maji ya Ndeshi

"Nani mwingine ameliona?" aliuliza Mkaguzi Lusasi.

Ndeshi Akyoo alicheka kidogo. Alikuwa amejiandaa kwa maswali magumu kuhusu chujio lake la maji: joto la tanuri, ukubwa wa vitundu, sababu ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa kunasa floraidi inayoharibu meno na mifupa ya watu, na sababu ya majivu ya mlima kuizuia isiponyoke tena. Swali la nani ameliona lilikuwa jepesi mno.

"Nkoasali nzima," alijibu. "Hata mchungaji alikunywa."

Lusasi aliacha kuandika. Kwenye meza kati yao lilikaa chujio lenyewe, bomba la kijivu lenye unene wa paja la mtu mzima, na dirishani Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu hadi kiunoni. Hii ilikuwa ghorofa ya juu ya Nyumba ya Hataza ya Shirikisho, inakotolewa haki ya kumiliki uvumbuzi, na Ndeshi alikuwa amezungushwa ofisi nyingi kabla ya kupandishwa huku. Kwanza alirudishwa kwa sababu ya michoro. Kisha akarudishwa kwa sababu madai yake yalikuwa mapana, kisha kwa sababu yalikuwa membamba. Mawakala wa hataza walimwambia mtu asiye na kampuni hafiki kwa mkaguzi. Yeye alikuwa amefika, na sasa mkaguzi alikuwa akimtazama kwa huruma, na huruma hiyo haikumpendeza hata kidogo.

"Dada Ndeshi, maelezo yako ni mazuri," alisema Lusasi. "Nimeyasoma mwenyewe, sikuiachia mashine. Hujamwibia mtu, kitu kinafanya kazi, na kiwanda kinaweza kukitengeneza. Lakini ili upewe hataza ni lazima kiwe kipya siku unapokileta hapa. Ukishakitangaza hadharani, upya umekwisha. Kinakuwa cha wote."

"Sikukitangaza mimi. Ilikuwa kipaimara cha binti yangu."

Aliyewahi kukaa kwenye sherehe katika miteremko ile anajua utambulisho ulivyo. Chakula kinapoa, ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma, inakauka, na mwenye nyumba bado ameshika kipaza sauti akitambulisha ukoo mmoja baada ya mwingine. Na humtambulishi mtu kwa jina tu kama unayemwita kupima uzito kliniki. Unasema amefanya nini, amejenga wapi, amesomesha nani. Ukimtaja mtu kwa jina tupu umemtukana. Basi Nderingo, mume wa Ndeshi, alipofika kwa mke wake hakuridhika kusema huyu ndiye mama wa mtoto. Aliagiza chujio liletwe mbele ya hema. "Mwenyewe aeleze," alisema, na Ndeshi akaeleza mbele ya watu zaidi ya sabini: mifupa, majivu, moto, kila kitu, kwa raha ya mtu ambaye kwa miaka mingi aliambiwa anachezea makaa. Nderingo akakinga glasi, akanywa, akawageuzia watu glasi tupu. Wageni wakapanga foleni na vikombe vyao. Mtu wa mjini angelificha chujio lake kabatini. Watu wa Nkoasali hawakujua kwamba kusifiana ni kosa.

Siku iliyofuata Nderingo aliondoka alfajiri kwenda kuchimba visima kusini. Mnara wa mtambo ulimwangukia wiki hiyo hiyo.

"Pole sana," Lusasi alisema baada ya kusikia yote. Akachezea kona ya meza. "Njia ipo. Inaitwa Kurejesha Upya."

*

Zamani sheria ilimpa mvumbuzi muda wa msamaha. Kama ulilionyesha jambo lako kwa ujinga au kwa furaha, ulikuwa na miezi ya kukimbilia ofisini kabla hujachelewa. Wenye mitaji wakalalamika kwamba muda huo unazaa kesi zisizoisha, maana kila mtu alidai kwamba yeye ndiye aliyeonyesha kwanza. Halafu ikaja dawa, na muda wa msamaha ukafutwa.

Madaktari waliitafuta kwa ajili ya askari waliorudi vitani na mambo wasiyoweza kulala nayo. Waligundua kwamba kumbukumbu, kila inaposimuliwa, hulainika kama udongo uliotiwa maji, kisha hukauka upya. Dawa inazuia kukauka. Mtu anaketi kitini, anasimulia siku nzima tangu alipoamka hadi alipolala, na kila anachokitamka hakishikani tena. Kesho yake amebaki na pengo laini lisilouma. Wanasheria wa Shirikisho waliposikia habari hiyo hawakuwafikiria askari.

"Wote waliokuwepo wakisafishwa kwa hiari yao, na picha zote zikifutwa, sheria inahesabu kwamba halikuonekana," alieleza Lusasi. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa ya kikohozi.

"Mnafuta chujio tu?"

"Siku nzima. Chujio haliwezi kubanduliwa peke yake. Limeshikana na chakula, na nyimbo, na nani alikaa na nani."

"Na mimi?"

"Wewe ndiye mvumbuzi. Unabaki nayo yote."

"Na akikataa mmoja?"

"Mmoja anatosha kuliua ombi."

Ndeshi aliuliza itakuwaje akiliacha ombi life. Lusasi akamjibu kwa uaminifu kwamba hapo chujio lingekuwa la kila mtu, yeyote angeweza kulitengeneza bila kumwomba ruhusa. Lakini wote wawili walijua. Kiwanda cha Moshi kilikuwa kimemwambia waziwazi: lete hataza kwanza. Hakuna mtu atakayejenga tanuri la kuchoma kitu ambacho jirani atakiiga kesho. Chujio la kila mtu lingebaki hili moja, hapa mezani.

*

Jambo lililomtisha Ndeshi ni jinsi watu walivyokubali upesi.

Alizunguka nyumba kwa nyumba akitarajia kufukuzwa. Wakamkaribisha chai. "Siku moja tu?" alisema fundi wa paa wa upande wa pili wa mto. "Mimi ninazo siku nyingi ningewapa bure." Mchungaji aliuliza kama na mahubiri yake ya asubuhi ile yatakwenda. Alipoambiwa ndiyo, akafikiri kidogo, akasema hayakuwa mahubiri yake bora. Watu walikuwa wamechoka na maji yale. Kila kinywa kilichomkubalia kilikuwa na meno ya rangi ya chai iliyokolea, na wazee walimtilia sahihi wakiwa wameegemea ukuta kwa sababu migongo ilikuwa imekataa kupinda. Waliamini wanatoa kidogo na kupata kingi, na Ndeshi hakuwaambia vinginevyo, maana naye alitaka sana kuamini hivyo.

Mwisho akabaki mtu mmoja, ambaye Ndeshi alimwacha makusudi.

Mama Nderingo, mkwe wake, alikuwa barazani akichambua maharage. Tangu mwanawe afe, watu waliendelea kumwita kwa jina hilo na yeye aliendelea kuitika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unawatembelea watu wote, nikasema nami zamu yangu itafika." Alisogeza ungo. "Keti. Nuruana yuko wapi?"

"Shuleni."

"Umeshamwambia?"

"Amekubali. Yeye anasema ni kwa ajili ya wenzake."

Mama Nderingo alitikisa kichwa taratibu. Nuruana alikuwa mtoto wa kipaimara siku ile, na alikuwa na kawaida ya kuziba mdomo kwa kiganja akicheka, ili meno yasionekane. Alianza tabia hiyo angali mdogo sana, na hakuna aliyemfundisha.

"Mimi siku hiyo ninaitumia," alisema bibi yule. "Usidhani nimeiweka tu. Nikiamka naianza tangu pale Nderingo alipoingia jikoni kuniuliza kama suti inamkaa. Naenda nayo polepole. Ikifika mchana nimeshapata nguvu ya kutoka nje. Mwanangu nimemwona miaka mingi, lakini siku nyingine zote zimechakaa. Hiyo tu ndiyo bado nzima."

Ndeshi alitazama maharage. Maneno yalimjia, na aliyajua kuwa mabaya kabla hayajatoka.

"Nderingo angekubali, mama. Yeye ndiye aliyetaka dunia ilione."

Mkono wa yule mama ukasimama juu ya ungo.

"Usimtume marehemu," alisema. "Kama unaniomba, niombe wewe."

Ndeshi aliona aibu hadi masikioni. Akaomba radhi, akasema basi, yaishe, nitawaambia mjini kwamba nimeshindwa, na pale barazani alimaanisha kila neno. Akatoka. Hakufika mbali. Kwenye bomba la kijiji mtoto wa jirani alikuwa akijifunza kubeba kidumu, naye alitembea kwa kuyumba, miguu imepinda nje kiasi kwamba ungeweza kupitisha mpira katikati ya magoti. Alimsalimia Ndeshi kwa furaha, akakinga maji, akanywa papo hapo kutoka mdomo wa kidumu.

Ndeshi alisimama pale kwa muda. Tuseme ukweli wote: hakuwa akimfikiria mtoto peke yake. Alifikiria pia jina lake kwenye muhuri wa Shirikisho, na mawakala waliomcheka, na miaka ya kuambiwa anachezea makaa. Mambo hayo mawili yalikuwa yamesukwa pamoja ndani yake na hakuweza kuyatenganisha, na alichukia kwamba hakuweza. Akageuka, akarudi barazani.

"Nakuomba mimi, mama," alisema. "Mimi Ndeshi."

Mama Nderingo alimwacha asimame. Alichambua hadi ungo ukabaki maharage matupu, akapuliza maganda.

"Wewe wanakuacha nayo?"

"Wananiacha nayo yote."

"Basi haipotei. Inahamia kwako." Aliuinua uso wake. "Utanisimulia. Si mara moja. Nikikuuliza asubuhi utanisimulia, nikikuuliza tena jioni hutanuna. Na huyu mtoto naye utamsimulia, kila kitu, mpaka alivyosema baba yake."

"Nitawasimulia kila kitu," alisema Ndeshi, na moyo wake ukawa mwepesi. Akambusu mikono.

*

Gari la Nyumba ya Hataza lilikuwa jeupe na refu, likaegeshwa kwenye uwanja wa kanisa kwa wiki nzima. Halikuwa na king'ora wala askari. Watu walipanga foleni nje yake wamevaa nguo za Jumapili, wengine wameleta viti vyao. Kwanza walipita kwa kijana wa vifaa, aliyewafutia picha na sauti za siku ile kila mahali zilipokuwa, hata zile ambazo wenyewe walishasahau walizituma. Kisha waliingia ndani mmoja mmoja, wakanywa dawa, wakaketi mbele ya msikilizaji.

Msikilizaji alikuwa mwanamke wa makamo mwenye uso mpole. Kazi yake ilikuwa kusema "ehe" na "halafu" mpaka siku iishe. Sheria ilikataza mtu mwingine yeyote kusikia, kwa hiyo chumba kilikuwa na dirisha la kioo kinene kisichopitisha sauti. Ndugu waliruhusiwa kutazama tu. Mwisho wa zamu msikilizaji naye alikuwa akiketi kwenye kiti kile kile na kusafishwa.

Watu walitoka wakiwa wazima. Hilo ndilo Ndeshi aliloliangalia tangu mwanzo, akitafuta dosari, na hakuiona. Fundi wa paa alishuka ngazi akauliza wamefikia wapi, na zamu yake itaanza lini. Wakamcheka. Naye akacheka, akarudi kuketi kwenye kiti chake, na kila baada ya muda alikuwa akitazama mikono yake kama aliyeacha kitu mahali.

Mama Nderingo aliingia siku ya mwisho, kabla ya adhuhuri. Kupitia kioo Ndeshi alimwona akianza taratibu, mikono mapajani. Kisha mikono ikainuka. Akaonyesha upana wa kitu, pengine suti, pengine sufuria ya ndizi za machalari. Akacheka. Ndeshi hakuwahi kumwona akicheka hivyo tangu msiba, kichwa nyuma, mabega yote yakitikisika, na hapakuwa na sauti hata chembe. Alitamani kugonga kioo. Alijiambia kwamba haidhuru, yote yamehifadhiwa, yeye yupo.

Akafuata Nuruana.

Binti alizungumza kwa haraka mwanzoni, kama anayemaliza kazi ya shule. Halafu akapunguza mwendo. Ndeshi aliweza kufuata: hapa gauni jeupe, hapa foleni ya kanisani, hapa ndafu. Kisha Nuruana akasimama kutoka kitini. Akaweka kiganja chake juu ya kichwa chake mwenyewe, akakiacha hapo, na midomo yake ikawa inasema maneno ambayo hayakuwa yake, polepole, kwa uso mzito wa mtu mkubwa. Machozi yalikuwa yanamtiririka na alikuwa anatabasamu, na hakuziba mdomo.

Ndeshi hakuitambua sehemu hiyo.

Alisogea mpaka paji la uso likagusa kioo. Akaanza kuipanga siku kichwani, haraka haraka, toka asubuhi. Nderingo ameshika kipaza sauti. Ametambulisha ukoo wa Akyoo, ametambulisha wajomba. Halafu utambulisho wa mtoto mwenyewe, baba anamwita mbele amwekee mkono na kumwombea. Kabla ya mke. Mtoto alitangulia. Na wakati huo yeye, mama yake, alikuwa wapi?

Alikuwa nyuma ya jiko, amepiga magoti, anasuuza chujio ili lisije likatoa majivu mbele ya wageni.

Alikimbilia mlango. Kijana wa vifaa akamzuia kwa heshima.

"Msimamishe," alisema Ndeshi. "Kidogo tu. Nimuulize jambo moja."

"Haiwezekani, mama. Akishaanza kulainika, akiachwa katikati ni hatari. Anaweza kupoteza hata siku zilizo jirani na hiyo." Aliangalia saa yake. "Amebakiza jioni tu."

Kwenye kioo Nuruana alikuwa ameshaketi. Mkono ulikuwa umeshashuka.

*

Ujumbe wa Lusasi ulifika kabla gari halijatoka uwanjani. Hataza imetolewa, ulisema, kwa jina la Ndeshi Akyoo peke yake, na kiwanda cha Moshi kimeshaarifiwa. Aliongeza neno la pongezi. Majirani wakampongeza kwa ajili ya kitu ambacho wengi wao sasa hawakukijua, wakauliza ni chombo gani hicho, akawaeleza mifupa na majivu na moto, nao wakashangaa kwa adabu. Alimtafuta msikilizaji. Akamkuta ameketi kwenye ngazi za gari anakula chungwa, akamwuliza kama anamkumbuka binti aliyeingia leo na gauni la bluu. Yule mwanamke alimtazama kwa uso wake mpole. "Leo nimeanza kazi saa ngapi, dada?" aliuliza.

Kwa hiyo jioni walikaa watatu sebuleni. Mama Nderingo alikuwa amejifunga khanga vizuri, kama anayesubiri ibada.

"Haya," alisema. "Anza. Wameniambia kuna siku ninakudai."

Ndeshi alianza. Aliwapa suti, aliwapa jikoni, kwa kuwa hayo mama mwenyewe aliwahi kumhadithia barazani. Aliwapa hema na wajomba. Mama Nderingo alisikiliza kichwa kikiwa kimeinama upande mmoja, akitabasamu mahali pa kutabasamu, kwa adabu ileile ya majirani. Alikuwa anapewa habari za mtu fulani mcheshi ambaye yeye ndiye aliyemzaa.

"Alikuwa mchangamfu," alisema. "Halafu?"

"Halafu akamwita Nuruana mbele."

Nuruana alikuwa sakafuni, mgongo kwenye kochi. Alinyoosha shingo.

"Mimi?"

"Wewe. Akakuwekea mkono kichwani." Ndeshi alionyesha kwa kiganja chake, kama alivyoona kwenye kioo.

"Akasema nini?"

Nje watu walikuwa wakipita kurudi majumbani kwao, wanaongea, wanaitana. Kila mmoja wao alikuwepo siku ile. Kila mmoja aliyasikia maneno yale kwa masikio yake, na Ndeshi angeweza kufungua mlango na kumuuliza yeyote.

"Mama," alisema Nuruana. Alikuwa akimtazama usoni, bila kupepesa. "Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," alisema Ndeshi. Akamwekea binti yake mkono kichwani, akaanza kumpa maneno ya baba yake, mazuri, marefu, moja baada ya jingine, na hapakuwa na mtu hata mmoja duniani wa kumwambia kwamba anasema uongo.